Kabla ya kuitia bei ngao ya Captain America, tafuta mnunuzi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, hii ngao ya Captain America, yule shujaa wa katuni, ingekuwa ya kweli, ingeuzwa shilingi ngapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali kama hilo liliwahi kuniumbua mbele za watu.

Tulikuwa wapenzi wa katuni kama arobaini ukumbini. Nikasimama na kikokotoo changu, kifua mbele, nikathaminisha ghala la Scrooge McDuck, yule bata bahili aliyebuniwa na Carl Barks mwaka 1947. Tuseme ghala lina mita 30 kila upande, limejaa dhahabu tupu. Mita moja ya ujazo ina tani 19 na ushei, kwa hiyo jumla inapita tani 500,000. Nikazidisha kwa bei ya siku hiyo, masifuri yakafika ukingoni mwa ubao. Makofi!

Binti mmoja kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Samahani kaka, dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani ni kama tani 200,000. Bata akifungua huo mlango, bei si itaporomoka? Na atamuuzia nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hadi leo wapo wanaoniita Bata. (Haya, cheka na wewe.)

Kwa hiyo ndugu yangu, usianze na madini, anza na mnunuzi. Ile sarafu ya kwanza ya Scrooge, ya senti kumi, haifiki gramu tatu za fedha. Sonara atakupa hela ya chai. Lakini kwenye hadithi hizo mchawi Magica De Spell yuko radhi kupindua dunia aipate. Au tazama gari la Batman la televisheni ya 1966: fundi wa magari George Barris aliuziwa gari la maonyesho la Lincoln kwa dola 1, akaligeuza, na mwaka 2013 likavuka dola milioni 4 mnadani. Narudia: mnunuzi kwanza!

Ngao yenyewe ina vibranium, madini ya kubuni kutoka Wakanda, nchi ya kubuni pia, na kwenye hadithi hata aliyeiunda alishindwa kuunda ya pili. Wewe unayetaka kuipangia bei, umeshampata wa kuilipia?

Mimi niliwahi kutengeneza yangu kwa mfuniko wa sufuria, nikapaka rangi siku tatu. Kijana wa jirani akanipa 5,000, nikamfukuza, nataka 80,000. Sasa nimeshusha hadi 10,000. Bado inaning'inia nyuma ya mlango, na yule kijana ameshahama.