Re: Nimeacha ngano, mbona bado nachoka?

Dada yangu, umesema huu mwezi wa pili huli chapati wala mahamri kwa sababu ya siliaki (ugonjwa ambao ngano huudhuru utumbo), na bado uchovu haukuachi na TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, inazidi kupanda, yaani dawa haitoshi mwilini.

Angalia kwanza saa unayomeza dawa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Dawa hiyo, levothairoksini, humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji peke yake, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali nayo saa 4. Wengi huvimeza vyote alfajiri wasije wakasahau. Chuma kilichomo kwenye vidonge vya damu huishika ile dawa tumboni, isifyonzwe.

Halafu karai. Viazi karai aghalabu hupakwa unga wa ngano, na muhogo ukikaangwa kwenye mafuta yaleyale hushika chembe za ngano hiyo. Muulize muuzaji, usione haya. Hata vitumbua na mkate wa kumimina, ambavyo asili yake ni mchele, wapo wanaotia ngano kidogo. Mbaazi za nazi kwa wali uliopika mwenyewe, kula kwa raha.

Utumbo ukianza kupona, dawa itafyonzwa zaidi, na dozi ileile huenda ikawa nyingi mno. Moyo ukienda mbio au mikono ikitetemeka, tafadhali usijipunguzie dozi, rudi upimwe. Kila dozi ikibadilishwa, TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Omba wakupime feritini (akiba ya chuma mwilini) na vitamini B12 pia.

Nduguzo wakitaka kupimwa siliaki, wasiache ngano kabla. Kipimo kitasema hawana, kumbe wanao.