Miswaki 300 ya kugawa mstarini? Simama kwanza

Mkuu, usigawe! Umesema mna miswaki 300 na katoni za dawa ya meno, shule ya msingi jirani na Usa River, kule Meru mkoani Arusha, mnataka kuwapa watoto mstarini waondoke nayo nyumbani. Ukauliza pia mfundishe nini. Nimesoma nikaumia, maana sisi tulifanya hivyo hivyo na pesa yote ikaenda.

Mswaki una miguu. Ukivuka geti la shule haurudi. Nyumbani kuna kaka na wadogo, dawa inaisha ndani ya wiki, mswaki mmoja unatumiwa na watu watatu na mwisho unasugua viatu. Floridi, ile madini ya kulinda meno iliyomo kwenye dawa, hailindi jino kwa kupakwa siku ya sherehe. Inalinda kwa kuligusa kila siku, kwa sababu kila mtoto anapokula sukari bakteria wanatengeneza asidi inayolila jino. Yule mshauri wa mradi aliyetuambia "gaweni, pigeni picha, elimu itafika" alikuwa anatafuta picha za ripoti yake. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa sababu waliobaki na meno yaliyotoboka ni watoto.

Kanuni ni moja: mswaki ulale shuleni, na upigwe shuleni kila siku ya masomo, mwalimu wa zamu akiwa amesimama hapo.

Anza na darasa la kwanza tu. Tuseme wako 90. Ukibadilisha miswaki kila miezi mitatu unatumia 270 kwa mwaka wa shule, inabaki 30 ya akiba. Kumbe hiyo 300 yako inatosha mwaka mzima! Dawa: kiasi cha punje ya njegere ni kama gramu 0.3, hivyo watoto 90 wanatumia gramu 27 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kama tyubu 53 za gramu 100. Weka 60, zipo zitakazomwagika. Soma boksi, iwe na floridi ya ppm 1000 hadi 1500 (ppm ni kipimo cha wingi wa floridi).

Rafu ya kuwekea miswaki ndiyo inayoua miradi hii. Miswaki ikirundikwa kwenye ndoo yenye kifuniko inashika ukungu kwa unyevu na vichwa vinagusana. Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 50, toboa matundu 90 yaliyoachana sentimita 5, chini yake weka ubao mwingine usiotobolewa wa kushikilia mipini. Namba juu ya kila tundu, namba hiyo hiyo kwenye mpini. Usiandike kwa kalamu, inafutika upesi. Choma kwa waya wa moto. Funika kwa chandarua kisichogusa miswaki, nzi wasitue.

Usipitishe mdomo wa tyubu kwenye mswaki wa huyu na wa yule, unawachanganyia mate. Mwalimu akamue vitone vilivyoachana kwenye sahani safi, kila mtoto azoe chake. Wapige dakika mbili, wateme shimoni, wasisukutue kwa maji mengi, la sivyo floridi inaondoka. Mswaki usuuzwe kwenye kibuyu chirizi (dumu la kunawia linalochirizisha maji), urudi tunduni kwake.

Kwa nini darasa la kwanza? Gego la miaka sita. Linaota nyuma ya meno yote ya utoto bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi anadhani ni la utoto na analipuuza, kumbe ndilo la kudumu. Likiwa bado linachomoza liko chini kuliko jirani zake, mswaki unapita juu bila kuligusa. Mfundishe mtoto alitafute kwa ulimi, kisha augeuze mswaki uingie kwa ubavuni. Somo lako la kwanza liwe hilo.

Na huko kwenu Meru, mwalimu yeyote asimseme mtoto mwenye meno ya kahawia kwamba ni mchafu. Ile rangi huko mara nyingi ni floridi nyingi ya maji ya kunywa iliyoingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Haitoki kwa mswaki, na kusugua mkaa au mchanga kunakwangua jino. Ndiyo maana nasisitiza punje ya njegere na kutema, wasimeze.

Kesho, kabla ya kufungua katoni, nenda kwa mwalimu mkuu muoneshane ukuta wa kutundika hiyo rafu.