Mgongo wangu na mti wa fagio

Jamani kama kiuno au mgongo unakuuma na imepita miezi mitatu naomba usome hii taratibu, maana mwenzenu nimeteseka miaka minne. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashona barazani mjini, cherehani ya miguu, yaani kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni nimeinama tu, na ule msimu wa sare za shule Desemba na Januari ndo usiseme, hata chakula unakula hapohapo kwenye kiti.

Nilikuwa nafanya kama wengi wetu, nanunua diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, duka la dawa, nameza karibu kila siku, nachuliwa mafuta, nikizidiwa nalala siku mbili tatu. Zile dawa ukizizoea bila daktari zinaumiza tumbo na figo, mimi niliishia na vidonda vya tumbo na mgongo bado unauma. Kule kulala nako kulizidi kunikakamaza. Alafu kuna mahali nilipiga eksrei, aliyenisomea akasema "mama, mgongo wako umeisha". Aisee lile neno liliniumiza kuliko mgongo wenyewe, nikawa naogopa hata kuokota uzi chini.

Mtaalamu wa mazoezi tiba ndo alinifungua macho. Kumbe watu kibao wasioumwa chochote ukiwapiga picha utakuta pingili, yaani vile vifupa vya uti wa mgongo, zimechakaa, umri tu, kama mvi. Na maumivu yakikaa muda mrefu mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kushtuka, kitu kidogo kinauma sana hata kama hakuna kilichoharibika. Nililia palepale. Akaniambia na zile diski katikati ya pingili, ukishakuwa mtu mzima hazina damu ya kutosha, zinapata chakula kwa kubanwa na kuachiwa kama sponji, sasa usipotembea zitakula nini?

Akachukua mti wa fagio akauweka mgongoni kwangu, uguse kisogo, katikati ya mabega na pale juu ya makalio. "Haya dada, inama, usiache hata sehemu moja." Nilishindwa mara tano! Nilikuwa nakunja kiuno wakati cha kuinamia ni nyonga, makalio yanaenda nyuma kama unasukuma mlango nayo huku mikono imeshika ndoo, magoti umeyalegeza kidogo. Nikamkumbuka mama kule Kibosho akipalilia migomba, mgongo umenyooka kama meza, na hakufundishwa na mtu. Sio kwamba kukunja mgongo ni sumu, hapana, shida ni kukunja palepale siku nzima.

Kosa langu lingine, siku nikiamka vizuri nilikuwa nafua nguo za wiki nzima, nadeki, napanga kabati, kesho yake siinuki. Sasa hivi nafuata saa sio maumivu. Nilianza kutembea dakika 8 kila jioni, mgongo ukiwa mzuri dakika 8, ukiwa mbaya dakika 8, kila wiki naongeza 2, na leo natoka mjini hadi Majengo kwa miguu. Na kazini kila bobini ikiisha uzi nasimama kwanza, mikono kiunoni, najinyoosha kwa nyuma mara tano ndo naijaza.

Bado unauma siku zingine, hasa baridi ya Juni na Julai, lakini siogopi tena na dawa sijameza muda mrefu.

Kwa wa Moshi, hospitali ya KCMC wana fiziotherapia, ndo hayo mazoezi tiba, mwombe daktari akuandikie. Maumivu yakija na homa au unakonda bila sababu nenda ukapimwe. Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umegoma au unakutoka bila kujua, au mguu umekosa nguvu ghafla, hapo achana na fagio, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.