Kuchimba zaidi hakuondoi chumvi kisimani

Kisima chako cha pwani kimeanza kuwa na chumvi na unafikiria kukichimba zaidi? Hapana, usiongeze kina. Pwani, maji matamu huelea ardhini juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ndiyo maana mtaa ukijaa nyumba, kila moja na pampu yake, maji yakishuka nusu mita tu chumvi inaweza kupanda polepole hadi mita 20. Ukichimba unaifuata huko huko. Saruji na lami nazo huzuia mvua kupenya na kujazia.

Pandisha pampu, vuta maji taratibu kwa saa nyingi badala ya kwa nguvu saa 1, na maji ya paa uyaelekeze kwenye shimo la kokoto, mbali kabisa na shimo la choo. Sabuni ikianza kukataa povu, punguza kuvuta mara moja, usisubiri ladha.

Ila kama kisima kilichobadilika ghafla ni chako peke yake na vya majirani bado vina maji matamu, kagua kwanza bomba la kisima. Likipasuka huingiza maji ya tabaka jingine.