Mnaoanza embriolojia: kimeng'enya kisomeni pamoja na wiki yake

Madogo wa mwaka wa kwanza, naona madesa ya baiokemia yameshaanza kuzunguka, na kila desa lina orodha ndefu ya vimeng'enya na kazi zake, basi. Ushauri wangu, kila ukikutana na kimeng'enya jiulize kinaanza kazi wiki ya ngapi ya mimba, kwenye kiungo gani, na kikikosekana au kikizuiwa na dawa mtoto anazaliwaje. Hilo la mwisho ndo linafanya somo likae kichwani hata baada ya pepa.

Chukua 5-alfa riduktesi. Desa linasema "inabadili testosteroni kuwa DHT" (dihaidrotestosteroni, homoni ya kiume yenye nguvu zaidi), unakariri unapita. Sasa mfuatilie mtoto wa kiume tumboni: kwenye wiki ya 8 hivi korodani zinaanza kutoa testosteroni, na hiyo hiyo inatosha kujenga mirija ya ndani ya kupitisha mbegu, ila uume na pumbu (mfuko wa korodani) vinataka DHT, bila kimeng'enya hiki havijengeki sawasawa. Kule Jamhuri ya Dominika, kijiji cha Salinas, kuna koo ambazo jeni ya kimeng'enya hiki ina hitilafu, na mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari zao mwaka 1974. Watoto wana kromosomu XY, korodani wanazo, lakini nje wanaonekana wa kike na wengi walilelewa kama mabinti, mpaka balehe inafika testosteroni inapanda, sauti inakuwa nzito, misuli inatoka na uume unakua. Ukishaielewa kesi hii vizuri huwezi tena kuchanganya testosteroni na DHT. Na tafadhali, hao ni watu, waongeleeni kwa heshima hata mkiwa kwenye diskasheni zenu.

Mfano mwingine upo kliniki ya wajawazito. Pairimethamini iliyomo kwenye SP, dawa wanayopewa wajawazito kuzuia malaria, inazuia kimeng'enya dihaidrofoleti riduktesi ya kimelea cha malaria, na binadamu pia tunacho cha kwetu, ndicho kinachoiweka folati (vitamini) katika hali ambayo chembe zinaweza kuitumia kutengeneza DNA. Mfereji wa neva, yaani mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo, unahitaji folati hiyo na unafunga kama siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati huo mama wengi hata hawajajua wana mimba, kwa hiyo SP inasubiri hadi wiki ya 13. Na foliki asidi (folati ya vidonge) anayopewa mama pamoja nayo iwe ya 0.4 mg, siyo ile ya 5 mg, maana dozi kubwa inapunguza makali ya SP kwa kimelea.

Enalapril na captopril, dawa za presha, nazo ni vizuia kimeng'enya, mjamzito akizitumia figo za mtoto zinaumia, mkojo wake unapungua, na mkojo huo ndo sehemu kubwa ya maji ya uzazi kwenye nusu ya pili ya mimba, maji yakiisha na mapafu hayakui vizuri.

Tukija kwenye mapafu yenyewe, mkiingia leba mtaona mama anayetishia kujifungua njiti anachomwa deksamethasoni (steroidi) 6 mg kila baada ya saa 12, mara 4. Daktari Liggins wa New Zealand aliona wanakondoo waliopewa steroidi wakiwa tumboni wanapumua hata wakizaliwa mapema mno, halafu yeye na mwenzake Howie wakatoa matokeo ya kina mama mwaka 1972. Dawa inaharakisha vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya safaktanti, ambayo yanazuia vifuko vya hewa visigandamane. Kwa nini isiwe prednisoloni, steroidi nyingine iliyojaa famasi? Kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya 11-beta-HSD2 kinachomkinga mtoto na kotisoli (steroidi ya mwili wenyewe) ya mama, na prednisoloni nayo kinaizima kwa sehemu kubwa, ila deksamethasoni inapenya mpaka kwa mtoto.