Wasomaji Wanauliza: Silia Hupindaje Bila Misuli?

Safari hii tunajibu maswali kuhusu silia, vile vijinywele vinavyowawezesha protozoa, yaani viumbe wa seli moja kama paramesiamu, kuogelea. Maswali tumeyafupisha.

SWALI: Tulifundishwa kwamba paramesiamu hupiga silia zake kama makasia. Kasia huvutwa na mkono wenye misuli. Silia huvutwa na nini?

Haivutwi na kitu chochote kilicho nje yake. Mtambo wote umo ndani ya silia yenyewe, tangu shinani hadi karibu na ncha. Ukiikata silia kwa kukingama na kuitazama kwa hadubini ya elektroni, utaona mikrotubuli, yaani mirija myembamba iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Imepangwa duara: jozi 9 pembeni na mirija 2 katikati. Na yote hayo yamo ndani ya kitu chenye unene wa mikromita 0.25 hivi na urefu wa mikromita 10 hivi. Katika kila jozi, mrija mmoja ni kamili. Wa pili si kamili. Umeegemea ubavuni mwa wa kwanza na kutumia ukuta wa mwenzake, kama banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba.

Kwenye ule mrija kamili zimepachikwa safu mbili za vikono vya protini iitwayo dainini, jina ambalo Ian Gibbons aliipa mwaka 1965 baada ya kuitoa katika silia za tetrahimena, protozoa mwingine. Kikono kikipata ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, kinashika jozi ya jirani, kinavuta, kinaachia, kisha kinashika tena hatua moja mbele. Kwa kuwa dainini hutembea kuelekea shinani, jirani yake husukumwa kuelekea nchani. Hakuna mrija unaofupika wala kurefuka. Inateleza tu, mmoja ubavuni mwa mwingine.

Sasa, kuteleza kunageukaje kuwa kupinda? Chukua vipande viwili vya karatasi ngumu, virefu na vyembamba, vilaze kimoja juu ya kingine, uvibane pamoja upande mmoja. Ushike upande ulio wazi na usogeze kipande kimoja juu ya mwenzake: vyote viwili vitapinda. Legeza kile kibanio, navyo vitateleza tu vikiwa vimenyooka. Katika silia, kibanio ni shina lililojikita kwenye seli, pamoja na viungo vya protini vinavyozifunga jozi zisiachane. Mwaka 1971 Summers na Gibbons walilithibitisha jambo hili kwa mikia ya mbegu za kiume za mnyama wa baharini, ambayo ina mtambo huohuo. Walividhoofisha viungo vyake kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha wakaitilia ATP. Mikia haikupinda. Jozi zilichomozana na kuteleza, hadi fungu zima likarefuka mara kadhaa.

Jambo moja zaidi husahauliwa mara nyingi. Dainini zote zikivuta kwa wakati mmoja, nguvu zao hupingana na silia haiendi popote. Lazima upande mmoja ufanye kazi huku wa pili umetulia, kisha zipokezane. Mirija 2 ya katikati na spoku, yaani vijiti vya protini vinavyotoka kwenye jozi za pembeni kuielekea, zina sehemu kubwa katika zamu hiyo: klamidomona (mwani wa seli moja anayeogelea kwa flagela mbili, mikia yenye mtambo kama wa silia) waliozaliwa bila mirija hiyo, au bila spoku, mara nyingi hupooza flagela ingawa dainini zao zipo.

SWALI: Kama silia huenda na kurudi, mbona paramesiamu harudi alikotoka?

Kwa sababu hairudi kwa njia iliyoendea. Katika pigo la nguvu silia hunyooka na kuyasukuma maji kwa urefu wake wote. Ikirudi, hujikunja na kupita karibu na ngozi ya seli, mahali ambapo haikokoti maji mengi. Kwa kiumbe mdogo namna hiyo maji ni mazito mno. Hakuna kuserereka: silia zikisimama, naye husimama papo hapo. Kasia ambalo lingerudi kwa njia ileile lingemrudisha palepale alipokuwa.

SWALI: Nimemwona paramesiamu akigonga uchafu, akarudi nyuma, akageuka kidogo, kisha akaenda upande mwingine. Hana ubongo wala neva. Nani humwamuru?

Umeme wa utando wake. Akigongwa mbele, milango ya utando iliyo sehemu hiyo hufunguka kwa msukumo, na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje hupungua. Badiliko hilo huenea seli nzima na kufungua milango mingine, ile ya kalsiamu, ambayo iko kwenye utando wa silia zenyewe. Kwa kawaida kalsiamu ndani ya silia huwa chini ya mikromoli 0.1 kwa lita. Ikipita mikromoli 1, pigo la nguvu hugeuka na kuelekea mbele ya mwili, na mnyama hurudi nyuma. Kisha kalsiamu huondolewa, silia hupiga ovyo kwa kitambo, yeye huyumba, na safari huanza upya kwa mwelekeo mwingine. Akiguswa nyuma ni kinyume chake: potasiamu hutoka, silia huongeza kasi, naye hukimbia mbele.

Tunajuaje kwamba ni kalsiamu? Mwaka 1972 Naitoh na Kaneko waliwaua paramesiamu kwa sabuni ya maabara inayoyeyusha utando, wakabakiza mitambo ya silia. Walipowatilia ATP na magnesiamu, maiti hao waliogelea mbele. Kalsiamu ilipozidi kile kiwango, waliogelea kinyumenyume. Mtafiti Ching Kung naye alipata aina ya paramesiamu wasioweza kurudi nyuma, akawapa jina la askari wa sataranji, kete ambayo hairudi. Utando wao ulipoyeyushwa na kalsiamu kutiwa, hata hao walirudi nyuma. Mtambo wao ulikuwa mzima. Kasoro ilikuwa mlangoni. Huu kwetu ni ushahidi mzuri kuliko wote.

SWALI: Ndani ya silia hakuna ribosomu, vile viwanda vya protini vya seli. Protini zake hutoka wapi, na silia hujuaje pa kukomea?

Kila kitu hutengenezwa kwenye saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli. Silia huanza kwa kitako chenye mirija mitatu mitatu katika mafungu 9, ambacho hujipachika chini ya utando. Mirija miwili ya kila fungu huendelea kukua kwenda nje, na utando huifunika kama soksi.

Matofali mapya hupachikwa nchani, si shinani. Kwa hiyo lazima yasafirishwe. Mwaka 1993, katika maabara ya Joel Rosenbaum, Keith Kozminski na wenzake waliona kwenye flagela za klamidomona misafara ya chembe ikipanda na kushuka kati ya mirija na utando bila kukoma. Kupanda huendeshwa na kinesini, protini nyingine inayotembea juu ya mirija, kwa mikromita 2 hivi kwa sekunde. Kushuka huendeshwa na dainini ya aina nyingine, kwa mikromita 3.5 hivi. Klamidomona wenye kinesini isiyostahimili joto wakihamishiwa kwenye nyuzi 32 hivi za Selsiasi, flagela zao hufupika polepole hadi kwisha. Maana yake ni kwamba ncha hubomoka muda wote, na msafara ukikatika hakuna anayeziba pengo. Urefu ni mizani kati ya ujenzi na ubomoaji.

Ukimkata klamidomona flagela zote mbili, huzirudisha kwa saa moja na nusu hivi, haraka mwanzoni kisha kwa kasi inayopungua. Ukimzuia kutengeneza protini mpya, zitaota hadi kama nusu ya urefu wake, kwa akiba iliyokuwamo. Ukikata moja tu, ile nzima hufupika wakati iliyokatwa inarefuka. Zikilingana, hukua pamoja.

SWALI: Silia na flagela zina tofauti gani?

Kwa viumbe wenye kiini, ndani ni mtambo mmoja. Silia kwa kawaida ni fupi na nyingi. Flagela ni chache, mara nyingi ndefu. Flagela ya bakteria ni kitu kingine kabisa: ni uzi wa protini iitwayo flagelini unaozungushwa na mota iliyo shinani.

SWALI: Natumia ukuzaji wa mara 400, paramesiamu namwona, silia sizioni. Nakosea wapi?

Huenda ni mwanga. Silia haina rangi, na unene wake unakaribia kikomo cha hadubini ya kawaida, kwa hiyo mwanga mwingi huifuta. Funga dayaframu ya kondensa, yaani tundu la kupunguza mwanga lililo chini ya meza ya hadubini, hadi ukingo wa mnyama uonekane mweusi, kisha zungusha fokasi ndogo taratibu ukitazama ukingo huo.

Tatizo la pili ni kasi: silia hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde. Mpunguze kasi kwa methilselulosi, unga unaofanya maji kuwa mazito, ya asilimia 2. Pima gramu 2, zichanganye na mililita 50 za maji ya nyuzi 80 hivi, koroga hadi unga wote ulowe, kisha ongeza maji ya baridi yafike mililita 100 na uache kwenye friji usiku kucha. Unga huu huyeyuka kwenye baridi, si kwenye moto. Lakini ukiutia moja kwa moja kwenye maji baridi hufanya mabonge yasiyoisha. Weka tone moja la uji huo na tone moja la maji yenye paramesiamu, changanya kwa kijiti, funika.

Akianza kuwa bapa na kuvimba, maji yanakauka chini ya kifuniko na kioo kinamkandamiza. Tia tone la maji ukingoni. Ukitaka kuzihesabu silia zikiwa zimetulia, tia ayodini: itamuua, lakini zitaonekana wazi zaidi.