Jibu: Leza, antibiotiki au dawa ya kusukutua baada ya kusafishwa fizi?

Waalaykum salaam, dada wa Wete. Umeuliza mama, mwenye mifuko ya fizi (nafasi zilizochimbika baina ya fizi na jino) ya kina cha milimita 6 hadi 7, aongezewe nini juu ya usafishaji wa kina.

Leza, ule mwanga mkali wa kutibu fizi, mimi ningeiacha. Ghali, na ushahidi wake dhaifu. Kazi yenyewe ni kukwangua ukoga mgumu chini ya fizi, kwa ganzi, mpaka kwenye mzizi. Nyongeza nyingi hupunguza kina cha mfuko kwa nusu milimita tu au pungufu.

Antibiotiki za amoksilini pamoja na metronidazo huwafaa zaidi vijana ambao ugonjwa unakwenda mbio. Na humezwa ukoga ukishakwanguliwa. Ukibaki umegandamana na mzizi, dawa haiupenyi. Kama mama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari aambiwe kabla, maana metronidazo huzidisha nguvu ya wafarini na damu hutoka ovyo.

Doksisaiklini ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa miezi 3 na zaidi, ni habari nyengine: haiui vijidudu, inazuia vimeng'enya vinavyokula fizi. Zile kapsuli za miligramu 100 za duka la dawa si mbadala wake, msizifungue kuzigawa.

Dawa ya kusukutua, kloheksidini 0.2%, mililita 10 asubuhi na usiku, wiki 2 basi. Haifiki ndani ya mfuko, na kwa mnywaji chai meno huingia madoa upesi.

Tambuu ya tumbaku aache, sukari apimwe. Baada ya miezi 3 mifuko ipimwe upya. Itakayobaki milimita 6 au zaidi ndiyo ya kuzungumzia upasuaji.